Sera ya Elimu Ilikuwa Darasani Mwangu



Kabla ya kuja chuo kikuu kusomea ualimu, nilifundisha darasa la pili mjini Kismayo kwa miaka miwili. Nilijua kuandaa somo na kusahihisha madaftari. Neno "sera" nililisikia redioni tu, nikadhani ni kazi ya mawaziri. Muhula huu, katika kipindi cha kwanza cha somo la sera ya elimu, mhadhiri alituuliza ni sera ipi iliyotuongoza tulipokuwa tukifundisha. Nikasema kwetu haikuwapo. Akaniuliza, "Ulifundisha kwa lugha gani, na nani aliichagua?" Nilikosa jibu.

Usiku ule nilimkumbuka mwanafunzi wangu mmoja, msichana ambaye familia yake ilitoka Chula, kisiwa cha Wabajuni kusini ya Kismayo. Kwao walisema Kibajuni. Mimi nilifundisha kwa Kisomali kitupu, ingawa mimi mwenyewe ni Mbajuni. Hakujibu swali hata moja, nami nikaandika katika ripoti yake: "Mzito wa kufahamu." Bibi yake akaja kuniona. "Maalim," akasema, "mtoto huyu nyumbani hanyamazi. Ndiye anayetuhesabia siku za bamvua." Nilimwitikia kwa adabu, lakini ripoti sikuibadilisha. Muhula uliofuata mtoto hakurudi.

Sera ni nini?

Kwa ufupi, sera ya elimu ni uamuzi wa wenye mamlaka kuhusu nani asome, asome nini, kwa lugha gani na kwa gharama ya nani. Uamuzi huo usipomfikia mwalimu, mwalimu huamua mwenyewe, mara nyingi bila kujua kuwa ameamua. Ndivyo nilivyofanya mimi.

Mfano wa kwetu

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, shule za Somalia zilitumia Kiitaliano, Kiingereza na Kiarabu. Oktoba 1972 serikali ilitangaza kuwa Kisomali kitaandikwa kwa herufi za Kilatini, kisha kikawa lugha ya kufundishia. Mwaka 1974 maelfu ya wanafunzi wa sekondari walipelekwa vijijini kufundisha watu kusoma na kuandika. Ilikuwa sera yenye manufaa makubwa, kwa kuwa mtoto alianza kusoma kwa lugha aliyoifahamu.

Lakini hoja hiyo hiyo haikumfikia mtoto wa Chula, wala mtoto wa Barawa anayesema Chimwini. Kwao Kisomali kilikuwa lugha ya pili. UNESCO ilikwisha kushauri mwaka 1953 kuwa mtoto aanze kusoma kwa lugha ya mama yake.

Nilipoifungua Katiba ya Muda ya Agosti 2012 nilishangaa. Ibara ya 5 inaitaja lugha rasmi, Kisomali, na Kiarabu kuwa ya pili. Ibara ya 30 inasema elimu ni haki ya kila raia. Na Ibara ya 31 inaitaka dola iendeleze tamaduni na lahaja za jamii ndogo. Sentensi hiyo ilikuwapo nilipokuwa nikiandika ile ripoti. Sikuwahi kuisoma.

Maswali manne ya kuisomea sera

1. Nani aliyeiandika, na nani hakuulizwa?
2. Inasema nini, na inanyamaza wapi?
3. Ina fedha, vitabu na walimu wa kuitekeleza?
4. Mtoto aliye nyuma kabisa darasani anapata nini?

Swali la tatu linatubana. Ibara ya 31 peke yake haichapishi kitabu cha Kibajuni. Lakini haimkatazi mwalimu kueleza hesabu kwa Kibajuni kwanza, kisha kulitia neno la Kisomali juu yake. Sisemi Kisomali kiachwe. Mtoto anakihitaji sokoni, ofisini na katika mtihani. Nasema afikishwe huko kwa daraja, asitupwe majini. Tena Kiswahili chake kisimwonee haya: Somalia ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Machi 2024, na mkataba wa Jumuiya unataka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano.

Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Surat Ibrahim, aya ya 4, kwamba kila Mtume alitumwa kwa lugha ya watu wake ili awabainishie. Ikiwa ujumbe mtukufu kuliko yote ulifikishwa hivyo, mimi na somo langu la kujumlisha ni nani?

Nimeulizia habari za yule msichana, sijampata bado. Nikirudi Kismayo, inshallah, nitaanza kwa kumtafuta bibi yake nimwombe radhi.

Ya kujadili katika darasa letu la wiki: Ulipoanza shule, mwalimu alisema lugha ya kwenu? Sera ya nchi yako inasema nini juu ya hilo? Nenda ukaisome, kisha uje utueleze.

Wabillahi tawfiq.