Fedha, Elektroni na Saa: Namna Filamu Nyeusi na Nyeupe Inavyosafishwa

Septemba 1840, huko Lacock, Uingereza, William Henry Fox Talbot aligundua kwamba karatasi iliyopigwa mwanga kidogo tu ndani ya kamera, ambayo kwa macho ilikuwa tupu, ilitoa picha kamili ilipopakwa dawa yenye asidi ya gali. Kabla ya hapo ilibidi karatasi iachwe ndani ya kamera nusu saa au zaidi mpaka mwanga wenyewe uichore picha. Tangu siku zile kazi imegawanyika: mwanga huweka alama, dawa hutengeneza picha. Anayetaka kusafisha filamu kwa mkono wake na aelewe mgawanyo huo kwanza.

Filamu ni plastiki iliyopakwa utando wa jelatini, na ndani ya jelatini zimetawanyika fuwele za bromidi ya fedha, nyingi zikiwa na upana usiozidi sehemu chache za elfu ya milimita. Fedha iliyomo humo si madini tunayoyajua kwenye bangili. Ni ioni, yaani atomi iliyopungukiwa elektroni moja. Irudishiwe elektroni hiyo, nayo inakuwa fedha kamili. Tena fedha inayozaliwa ndani ya filamu hujisokota kama nyuzi laini mno zinazomeza mwanga, ndiyo maana tunaiona nyeusi.

Mwanga unapoipiga fuwele, huing'oa elektroni kutoka kwenye bromidi. Elektroni hiyo huzurura mpaka inaswe mahali penye kasoro, na hapo ioni ya fedha huifuata, zikaungana kuwa atomi moja. Atomi moja haidumu, huvunjika upesi. Zikikusanyika nne hivi pahali pamoja, alama imekaa. Ronald Gurney na Nevill Mott ndio walioieleza njia hiyo mwaka 1938. Atomi nne katika fuwele yenye ioni mabilioni! Hakuna jicho litakaloziona.

Sasa dawa ya kwanza, ambayo mafundi huiita developa. Kazi yake ni kugawa elektroni. Ile ya Kodak iitwayo D-76, iliyotoka mwaka 1927 na ingali ikitumika, ina gramu 2 za metoli na gramu 5 za haidrokwinoni katika lita moja. Hizo mbili ndizo zinazotoa elektroni. Gramu 100 za salfaiti ya sodiamu huilinda dawa isiharibiwe na hewa, na gramu 2 za boraksi huipa ualkali inaouhitaji ili ifanye kazi. Pale penye atomi nne za fedha, elektroni hupata njia ya kuingia kwenye fuwele, na fuwele nzima hugeuka nyeusi kama kuni iliyokwisha kushika moto pembeni.

Lakini kwa nini fuwele ambazo hazikuguswa na mwanga zisigeuke pia? Hili ndilo swali lenyewe, na wengi hulipita. Jibu ni kwamba hata hizo hugeuka, ila polepole zaidi. Iache filamu kwenye developa muda mrefu kupita kiasi, nazo zitaanza kusawijika, picha ifunikwe na ukungu. Kwa hiyo picha unayoipata ni tofauti ya mwendo kati ya makundi mawili ya fuwele, na wewe ndiye unayeamua mbio zikomeshwe lini. Saa na kipimajoto vina uzito kuliko kamera ya bei kubwa.

Joto huongeza mwendo huo. Vipimo vingi vimeandikwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi, ilhali maji ya bomba ya Dar es Salaam au Mombasa mara nyingi hupita 26. Filamu inayotaka dakika 8 kwa nyuzi 20 itataka karibu dakika 5 na nusu kwa nyuzi 24. Chini ya dakika 5 ni hatari, kwa sababu dawa haipati nafasi ya kuenea sawasawa. Dawa yako iweke ndani ya beseni la maji yenye barafu mpaka ishuke, na maji yote yatakayofuata yawe na joto linalokaribiana na hilo, kwani jelatini iliyovimba ikishtuliwa hukunjamana.

Filamu huingizwa kwenye tangi gizani kabisa. Ile taa nyekundu ya kwenye sinema ni ya karatasi za picha. Filamu nyingi za leo huiona rangi nyekundu. Ukishafunga tangi, washa taa, mimina dawa, kisha lipindue tangi kwa sekunde 10 kila dakika. Bromidi inayotoka kwenye fuwele huzorotesha kazi pale ilipo, na kutikisa huiondoa.

Muda ukitimia, mwaga, tia maji yenye asidi hafifu ya siki. Asidi huua ualkali, mbio zikakoma. Kisha tia fiksa, chumvi ya thayosalfeti, inayoyeyusha bromidi iliyobaki. Bila hiyo, filamu ingeendelea kusawijika mwangani. Osha kwa maji mengi, maana thayosalfeti iliyobaki huila fedha miaka ikipita, picha ikageuka manjano.

Fiksa iliyochoka imejaa fedha na ni sumu kwa viumbe vya majini, hivyo usiimwage mtaroni wala karibu na kisima. Iweke kwenye dumu pamoja na waya laini wa chuma wa kusugulia sufuria. Chuma hutoa elektroni kwa urahisi kuliko fedha, kwa hiyo chuma huyeyuka, na fedha huganda chini kama tope jeusi unaloweza kulikusanya.