Ukitundika Daluga, Utaishi Vipi?

Wewe unayekimbiza mpira kila jioni hapo Kirongwe, Mafia, huenda wazee wamekusimulia bao la Peter Tino kule Ndola, Zambia, mwaka 1979. Bao lile liliipeleka Taifa Stars Fainali za Afrika za 1980, Nigeria. Raha iliyoje! Lakini je, umewahi kujiuliza mshambuliaji akistaafu anaishi vipi?

Mtazame George Weah wa Liberia. Mwaka 1995 alikuwa mwanasoka bora wa dunia, na hadi leo hakuna Mwafrika mwingine aliyefika hapo. Alitundika daluga 2003. Mwaka 2005 aligombea urais, akashindwa; wapinzani walimsema eti shule yake ndogo. Basi akarudi darasani mtu mzima, na 2011 akapata shahada huko Marekani. Januari 2018 aliapishwa kuwa Rais, akaongoza hadi 2024.

Unaona? Wachezaji wengi huacha mpira wakiwa na miaka thelathini na kitu. Goti likivunjika, hata kabla. Tena ukiacha mazoezi ghafla huku sahani ni ileile, unene unakuja, na shinikizo la damu na kisukari vinanyemelea.

Kwa hiyo, rafiki:
1. Usitoroke kipindi kwa ajili ya mechi.
2. Ukiumia, usilazimishe kucheza. Nenda zahanati.
3. Hata ukistaafu, endelea na mazoezi.

Jadilini: Mguu ukigoma kesho, utashika kazi gani?