Paianizo: kuimba paiani

Swali: Kitenzi "paianizo" cha Kigiriki cha kale kilihusu uimbaji gani?

Jibu: Paianizo ni kuimba paiani, wimbo wa kundi ulioelekezwa hasa kwa mungu Apollo, wenye kiitikio "ie Paian". Katika utenzi wa Iliadi, Paieon, umbo jingine la jina Paian, ni tabibu wa miungu. Ndiyo sababu wimbo huu ulibeba ombi la kuponywa pamoja na shukrani ya kuokoka. Katika utenzi huohuo, Wagiriki wanauimba kumtuliza Apollo aliyewaletea tauni, na shujaa wao Achilles anauagiza baada ya kumuua Hector wa Troya.

Karamuni uliimbwa baada ya kumimina divai ya sadaka. Lakini nguvu yake huonekana zaidi vitani, ambako majeshi yaliuimba kabla ya kushambulia na tena baada ya kushinda. Mfano mzito kuliko yote unatoka kwa mwanahistoria Thucydides, anayesimulia vita vya usiku vya mwaka 413 KK huko Epipolae, karibu na Syracuse. Washirika wa Athens wenye asili ya Kidori, wakiwemo watu wa Argos na Corcyra, walipoanza paiani, Waathene walitishika, kwa kuwa adui zao wa Syracuse nao waliimba vivyo hivyo. Gizani, marafiki wakaishia kupigana wenyewe kwa wenyewe.