Maumivu Baada ya Kupandikizwa Figo

Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, na ile ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Haya ndiyo maswali ambayo mgonjwa na ndugu zake huwa nayo wanaporudi nyumbani.

Nani huumia zaidi, aliyetoa au aliyepewa?

Mara nyingi ni aliyetoa. Figo yake hutolewa ndani kabisa ya ubavu, ilhali mgonjwa huwekewa figo mpya chini ya tumbo, karibu na nyonga. Basi ndugu aliyetoa figo asiambiwe ajikaze kwa kuwa "yeye si mgonjwa". Ameze dawa kwa saa zilizopangwa, asisubiri maumivu yamzidi, na anapokohoa akumbatie mto tumboni. Asiyeweza kukohoa wala kuvuta pumzi ndefu yuko katika hatari ya kupata nimonia.

Je, ninunue diklofenaki au ibuprofeni duka la dawa?

Usinunue, hata kama jino ndilo linalouma. Dawa hizi hubana mishipa inayopeleka damu kwenye figo. Takrolimasi, unayomeza kila siku ili mwili usiikatae figo, nayo huibana mishipa hiyo hiyo. Mwambie muuzaji mapema kwamba umepandikizwa figo, na akikupa vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi visivyo na jina, uvikatae.

Parasetamoli ndiyo dawa ya kwanza, kwa kipimo alichoandika daktari. Tazama pia dawa za mafua: nyingi zina parasetamoli ndani, na mtu hujikuta amemeza dozi mbili.

Na mofini?

Hospitalini hutumika kwa uangalifu, kwa sababu mabaki yake hutolewa na figo. Figo mpya ikichelewa kuamka, mabaki hayo hujikusanya. Mgonjwa akisinzia kupita kiasi au akipumua polepole, muite muuguzi papo hapo. Choo kikifunga, sema pia.

Maumivu yakiisha, nimepona?

Si lazima. Figo mpya imekatwa mishipa yake ya fahamu, kwa hiyo mwili unaweza kuikataa bila wewe kuhisi lolote. Kipimo cha kreatinini ndicho kinachoonyesha, ndiyo maana kliniki hairukwi hata ukijisikia vizuri. Ukiona mkojo umepungua, homa imefika nyuzi 38, miguu imevimba, au penye figo panauma upya, nenda hospitali usiku huo huo.