Ukishuka Mushaki, aliyekupa habari anabaki

Mwandishi anayepanda Mushaki, huko Masisi mashariki mwa Kongo, kutoka Goma huwa anawaza atapitaje Sake na atarudije. Aliyezungumza naye harudi popote. Analala palepale mlimani, kati ya watu wanaoijua sauti yake, shamba lake na hata kikohozi chake. Ulinzi unaofaa huanza kwake, maana wewe una ofisi, una kitambulisho, na ukikamatwa kuna watakaopiga kelele.

Tena mwenye mlima habaki mmoja. Februari 2023 waasi wa M23 waliteka Mushaki. Mwezi uliofuata wakaingia wanajeshi wa Burundi waliokuwa katika kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Desemba mwaka huohuo M23 wakarudi. Mkulima aliyesema wazi mbele ya kipaza sauti mwezi Machi alijikuta Desemba chini ya walewale aliowasema. Kwa hiyo usipime hatari kwa kumtazama anayeshika bunduki leo tu. Mfikirie na atakayekuja baada yake.

Anza na simu kabla ya safari. Kwenye barieri ni nadra kuulizwa umeandika nini. Wanataka simu, na cha kwanza wanachofungua ni WhatsApp. Huenda video ya wazalendo, wanamgambo wanaopigana upande wa serikali, au ya upande wa pili, ilijihifadhi yenyewe kwenye picha zako kutoka kundi ulilounganishwa bila kuulizwa. Zima upakuaji huo wa moja kwa moja, toka kwenye makundi ya vita, futa yaliyobaki, na ukumbuke kwamba nakala rudufu iliyoko Google haifutiki kwa kufuta ujumbe kwenye simu. Ondoa kufungua kwa kidole au uso, tumia namba. Zima kitambua mahali kwenye kamera. Usihifadhi namba kwa jina la “Kanali fulani”. Ila simu tupu kabisa nayo inatia shaka, kwa hiyo acha picha za watoto na kundi la mpira.

Dereva wa pikipiki naye ni shahidi. Akikushusha mlangoni kwa mtu, jioni kijiji kizima kinajua mgeni alikwenda kwa nani. Shuka sokoni, tembea, na ongea na watu wengi, hata wale usiowahitaji, kuhusu bei ya viazi na ubovu wa barabara. Ukizungumza na nyumba kumi, hakuna nyumba itakayonyooshewa kidole. Mkalimani mchague kwa makini zaidi: Masisi kuna Kihunde na kuna Kinyarwanda, na mkalimani wa upande mmoja anaweza kumfunga mtu mdomo bila kusema neno. Hata akiwa mwaminifu, ni mtu wa pili anayejua siri.

Kabla ya kurekodi, uliza swali hili: “Haya yakisikika hapa kesho, nani atajua ni wewe?” Yeye anajua jibu kuliko wewe. Mweleze pia kwamba redio ya Goma inaingia kwenye simu, na simu inafika kambini. Akikuambia kwamba jambo hilo analijua yeye na mtu mmoja mwingine tu, basi bado huna habari ya kutangaza. Tafuta mahali pengine pa kuipata.

Kisha kuna kazi ya kuandika, na hapa ndipo watu wengi huanikwa. Tuseme umeandika: “Mjane wa watoto sita anayeuza viazi karibu na kanisa alisema wapiganaji waliingia shambani mwake Jumanne jioni wakabeba magunia mawili.” Jina umeficha, lakini Mushaki nzima imeshamjua. Mjane, watoto sita, kanisa, Jumanne, magunia mawili: kila kimoja peke yake hakina neno, vyote pamoja ni anwani. Andika badala yake: “Mkazi mmoja wa eneo hilo alisema wapiganaji wamekuwa wakichukua mavuno ya watu mwezi huu.” Utamu umepungua, nakubali, na mhariri wako atanung'unika. Mwache anung'unike. Lakini usimgeuze mjane kuwa mwanamume ili kupoteza maboya: kuficha ni haki yako, kubuni si haki yako.

Sauti ni ngumu zaidi. Kuikoroga kwa programu hakutoshi, kwa sababu wapo wanaoweza kuirudisha, na lafudhi haikorogeki. Mwambie mwenzako ofisini asome maneno hayo, na uwaambie wasikilizaji kwamba ni msomaji.

Ukipewa waraka, usiupige picha ukaurusha. Mhuri, namba ya nakala, mkunjo wa karatasi, vyote vinaonyesha ulitoka kwa nani. Nukuu maudhui. Mwandishi Stanis Bujakera alikamatwa Kinshasa Septemba 2023 kwa makala ya jarida la Jeune Afrique kuhusu kifo cha mwanasiasa wa upinzani Chérubin Okende, makala ambayo haikuwa hata na jina lake. Simu zake zilichukuliwa, na upande wa mashtaka ukajenga kesi juu ya waraka uliosambaa kwa Telegram. Alitoka gerezani Machi 2024.

Sheria ya kumlinda mwandishi ipo: Itifaki ya Kwanza ya Geneva ya mwaka 1977 inamhesabu mwandishi kuwa raia, na azimio 2222 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa la mwaka 2015 linasisitiza hivyo. Ijue, lakini usiitegemee njiani. Januari 2025 waziri wa sheria mjini Kinshasa alitishia adhabu ya kifo kwa watakaoripoti shughuli za M23 na jeshi la Rwanda. Wala hatari haiishii mstari wa mbele: Edmond Bahati wa Radio Maria aliuawa kwa risasi mjini Goma Septemba 2024.

Habari ikishatoka, usimpigie mtoa habari siku hiyo hiyo kumwuliza imepokewaje. Kubalianeni mapema: yeye ndiye atapiga, kwa simu ya nani, na neno gani litamaanisha ameanza kutafutwa. Neno hilo likifika, iondoe sauti kwenye mtandao kwanza, ndipo utafute msaada wa kumhamisha. Kwa usalama wako mwenyewe, shirika la Journaliste en danger la Kinshasa liwe na taarifa zako kabla hujapanda, si baada.