Si kila kiu ni ya jua

Jinsi tezi na homoni zinavyolinda maji na sukari mwilini

Ikiwa unaishi Kitui au Makueni, huhitaji daktari akueleze kiu ni nini. Mwezi wa Septemba na Oktoba, kabla ya mvua za Novemba kuanza, mito yetu mingi hubaki mchanga mtupu. Watu hufukua mchanga huo kutafuta maji, na punda husimama kando wakingoja kubebeshwa mitungi. Mtu akifika nyumbani na kunywa vikombe vitatu kwa mpigo, hakuna anayeshangaa. Jua ni kali.

Ni kwa sababu hiyo kiu ya ugonjwa huweza kujificha kwetu kwa muda mrefu.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja aliniletea mwanawe wa miaka 12. Kwa wiki tatu kijana huyo alikuwa akinywa maji usiku na mchana. Alianza tena kukojoa kitandani, jambo aliloliacha akiwa mdogo, na ndugu zake wakamcheka. Jirani mmoja akashauri anyimwe maji jioni. Sare yake ya shule ikaanza kumpwaya. Alipotapika na kulalamika kuumwa na tumbo, alinunuliwa dawa ya malaria dukani. Siku alipofikishwa kwangu alikuwa amebebwa, na alikuwa akipumua kwa kasi na kwa kina kama mtu aliyetoka kupanda mlima mbio.

"Daktari, tulidhani ni hili jua tu," mama yake aliniambia.

Haikuwa jua. Ilikuwa kisukari. Tulimtilia maji kwenye mshipa na kumpa insulini, akapona na kurudi shuleni. Lakini angecheleweshwa siku moja zaidi, huenda mambo yangekuwa mengine.

Wiki hii, basi, tuangalie jinsi mwili unavyolinda maji na sukari yake, ili uweze kutofautisha kiu ya jua na kiu ya ugonjwa.

Tezi ni nini?

Tezi ni kiungo kinachotengeneza umajimaji wa kazi maalum. Ziko tezi zenye mifereji, kama zile za jasho na za mate. Nyingine hazina mifereji, bali humimina kemikali zake moja kwa moja katika damu. Kemikali hizo ndizo huitwa homoni. Jina hilo lilianza kutumiwa na mtaalamu Mwingereza, Ernest Starling, mwaka wa 1905, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuchochea.

Homoni husafiri na damu mwili mzima, lakini huitikiwa tu na viungo vilivyoumbwa kuipokea. Homoni za tezi ya shingoni, ile inayohitaji madini ya ayodini kutoka kwa chumvi, huamua kasi ya kazi za mwili. Tezi zilizo juu ya figo hutoa homoni za kukabili hofu na taabu, na pia ile inayozuia chumvi isipotee ovyo. Kokwa za mwanamume na ovari za mwanamke hutoa homoni za uzazi.

Jambo muhimu la kufahamu ni kwamba tezi hizi hazifanyi kazi ovyo. Kila moja hupokea habari kutoka kwa mwili. Kitu kikipungua, homoni huongezwa au kupunguzwa hadi hali irudi sawa, kisha tezi hutulia. Afya ni kudumu kwa mizani hiyo.

Mlinzi wa maji

Chini ya ubongo kuna tezi ndogo iitwayo pituitari. Ukubwa wake haupiti sana punje ya mbaazi. Juu yake, ndani ya ubongo, mna sehemu inayopima damu kila wakati. Ukitoka jasho shambani na maji ya damu yakapungua, hata kwa kiasi cha asilimia 1 au 2 tu, sehemu hiyo hutambua. Hapo hufanya mambo mawili. Kwanza, hukutia kiu. Pili, huiamuru pituitari kutoa homoni inayoziambia figo: rudisheni maji, msiyamwage.

Ili kuelewa uzito wa amri hiyo, fikiria kwamba figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za umajimaji kila siku. Hiyo ni mitungi 9 ya lita 20. Punda wawili, kila mmoja akibeba mitungi minne, bado wangeacha mtungi mmoja mtoni. Lakini mkojo unaotoka kwa siku ni kama lita moja na nusu tu. Maji mengine yote hurudishwa katika damu. Siku ya jua kali homoni hii huzibana figo zaidi, na mkojo ukawa kidogo, wenye rangi ya manjano iliyoiva.

Kwa hivyo, mtu aliyepigwa na jua huwa na kiu na hukojoa kidogo. Shika jambo hilo, maana tutalirudia.

Mlinzi wa sukari

Nyuma ya tumbo la chakula kuna kiungo kiitwacho kongosho. Ndani yake mna vikundi vya chembe vinavyoitwa visiwa vya Langerhans, kwa jina la Mjerumani Paul Langerhans aliyevieleza mwaka wa 1869. Chembe hizo hutengeneza insulini.

Damu yote ya mtu mzima mwenye afya, akiwa hajala, ina sukari ya kiasi cha kijiko kimoja tu cha chai. Ukila ugali, chapati au embe, sukari huongezeka. Kongosho hutoa insulini, nayo huwezesha misuli na mafuta ya mwili kupokea sukari hiyo, na ini kuiweka akiba. Ukikaa na njaa, kongosho hupunguza insulini na kutoa homoni nyingine, glukagoni, inayoliamuru ini kufungua akiba yake. Ndiyo maana mtu mwenye afya anaweza kulima asubuhi kabla ya kula chochote asizirai.

Sasa fikiria insulini imekosekana. Sukari hubaki katika damu na kuzidi kupanda. Ikipita takriban milimoli 10 kwa lita, figo hushindwa kuirudisha yote, nayo hutoka na mkojo. Sukari haitoki peke yake, bali huvuta maji. Hata homoni ya pituitari ikipiga kelele namna gani, figo haziwezi kuyazuia maji hayo. Mtu hukojoa sana, damu hukaukiwa, na kiu hushika.

Unaona basi kwamba kiu ya yule kijana haikuwa ndiyo ugonjwa. Kiu ilikuwa mlinzi mwaminifu aliyekuwa akipiga mbiu. Kumnyima maji kulikuwa ni kumziba mlinzi mdomo.

Mwili usioweza kutumia sukari huanza kuchoma mafuta na kula misuli yake, na ndipo nguo humpwaya mgonjwa. Mafuta hayo yakichomwa kwa wingi huacha asidi katika damu. Asidi hiyo ndiyo huleta kutapika, maumivu ya tumbo, kupumua kwa kina, pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva mno, na hatimaye kupoteza fahamu.

Jinsi ya kutofautisha

Kiu ya jua huja na mkojo kidogo, na huisha ukinywa maji ya kutosha na kupumzika kivulini. Kiu ya kisukari huja na mkojo mwingi, hata usiku, na hairidhiki. Mara nyingine sisimizi hukusanyika mahali mgonjwa alipokojoa, lakini wasipoonekana usijidanganye kwamba uko salama.

Mpeleke mgonjwa apimwe sukari upesi ukiona mambo haya:

- kiu kubwa pamoja na kukojoa mara kwa mara;
- mtoto aliyekwisha acha kukojoa kitandani ameanza tena;
- kukonda ilhali anakula;
- uchovu usioeleweka, macho kuona ukungu, au vidonda visivyopona.

Akitapika, akipumua kwa kina au akilegea, usingoje asubuhi. Hiyo ni dharura ya hospitali.

Kipimo chenyewe ni tone la damu kidoleni. Hufanywa katika hospitali na vituo vya afya, na tangu mwaka wa 2023 wahudumu wengi wa afya ya jamii wamepewa mashine za kupimia sukari. Sukari ya milimoli 7 au zaidi kabla ya kula, au 11.1 na zaidi wakati wowote kwa mtu mwenye dalili, ni kisukari. Asiye na dalili hupimwa mara ya pili ili kuhakikisha. Ikiwa sukari ni sawa na bado mkojo ni mwingi kama maji matupu, daktari atachunguza figo na pituitari yenyewe.

Aina mbili

Aina ya kwanza, aliyokuwa nayo yule kijana, hutokea wakati kinga ya mwili inapoziharibu chembe za insulini. Haisababishwi na kula sukari, wala si kosa la mzazi. Huweza kuanza kwa ghafla, hasa kwa watoto na vijana.

Aina ya pili ndiyo inayopatikana zaidi. Hapa kongosho bado hutoa insulini, lakini mwili hauitikii vyema. Huwapata zaidi watu wazima, hasa walionenepa, wasiofanya kazi za kutumia nguvu, au waliozaliwa katika ukoo wenye ugonjwa huo. Huenda polepole, na mtu anaweza kukaa nayo miaka mingi macho, figo na miguu ikiharibika. Wengi hutibiwa kwa vidonge, lishe na mazoezi.

Kuhusu insulini

Wagonjwa huniuliza: "Kwa nini sindano? Hakuna ya kumeza?" Insulini ni protini. Ukiimeza, tumbo litaimeng'enya kama linavyomeng'enya nyama. Kabla ya Januari 1922, kijana mmoja, Leonard Thompson, alipodungwa insulini kule Toronto, Kanada, watoto wenye ugonjwa huu hawakuwa na matumaini ya kuishi muda mrefu. Kwa hivyo anayemwambia mtoto wa aina ya kwanza aache sindano anywe mizizi anamrudisha kwenye zama hizo. Hata siku mgonjwa ameshindwa kula, asiiache insulini kabisa. Apelekwe kwa daktari apewe kipimo kinachofaa.

Joto huiharibu insulini. Pasipo friji, tia chupa ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, uiweke katika chungu cha udongo chenye mchanga uliolowa, mahali penye kivuli na hewa. Chupa iliyofunguliwa kwa kawaida hutumiwa kwa wiki nne. Usiigandishe barafuni.

Mgonjwa akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, sukari yake imeshuka mno. Akiwa anaweza kumeza, mpe mara moja vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, kisha chakula. Aliyezirai asimiminiwe kitu mdomoni. Mkimbize hospitalini.

Chakula chetu

Sikatazi chakula cha nyumbani. Isyo ya mahindi yenye maganda na maharagwe hupandisha sukari polepole kuliko muthokoi uliokobolewa. Pojo na mbaazi ni chakula kizuri. Embe za Makueni ni tamu, lakini mgonjwa ale vipande vichache, si ndoo nzima kwa sababu ni msimu. Asali, ijapokuwa ni ya asili, nayo ni sukari.

Msomaji, msimu wa kiangazi ukifika, angalia watu wa nyumba yako. Anayekunywa sana, muulize swali moja ambalo wengi huona haya kuliuliza: unakojoaje? Akikujibu kwamba ni kidogo, mpe maji na kivuli. Akikujibu kwamba ni mwingi na haumwachi kulala, mpe maji vilevile, kisha mshike mkono mwende akapimwe siku hiyo hiyo.