Mtakatifu wa Kijiji cha Watu 230



Vijana wenzangu, kila tarehe 4 Agosti tunamkumbuka Mt. Yohane Maria Vianney, msimamizi wa maparoko. Wengi tunamjua kama yule padre wa kuungamisha, basi. Leo nataka tukitazame kijiji chake, maana hapa Endamarariek neno "kijijini" siku hizi limekuwa kama tusi. Umemaliza kidato cha nne, umebaki nyumbani kulima mahindi na mbaazi, watu wanakuuliza, "Kumbe bado upo tu?"

Vianney alifika Ars, si mbali na Lyon huko Ufaransa, Februari 1818. Kijiji kizima watu kama 230; pengine shule yako ya msingi ilikuwa na watoto wengi kuliko hao. Wakulima watupu. Jumapili wengine wako shambani, wengine kilabuni. Si ajabu: Mapinduzi ya 1789 yalikuwa yamefunga makanisa na kuwafukuza mapadre, na wapo waliokua bila katekesi.

Naye alikuwa mtoto wa mkulima. Kilatini kilimshinda, seminari kuu ya Lyon ikamrudisha. (Wewe uliyeumizwa na matokeo, umesikia?) Padre Balley, paroko wa Écully, akamfundisha kwa uvumilivu hadi akapadrishwa mwaka 1815.

Pale Ars alianza na vitu vidogo. Alfajiri yuko mbele ya tabenakulo. Mchana anapita nyumba kwa nyumba, anauliza habari za watoto na mazao. Mwaka 1824 akafungua shule ya bure ya wasichana. Ilichukua miaka jamani, lakini watu walirudi, na baadaye wageni wakaja kwa maelfu. Akawa anaungamisha hata saa 16 kwa siku.

Sasa jambo ambalo mahubiri mengi huliruka: yeye mwenyewe alijaribu kuondoka. Mwaka 1843 alitoroka usiku hadi kwao Dardilly. Mwaka 1853 akajaribu tena, wanakijiji wakamzuia. Hakuwa anakimbilia mjini. Aliona uparoko umemzidi, akatamani upweke wa kusali na kulilia dhambi zake. Akarudi kuungamisha, na akafia palepale Ars mwaka 1859.

Kwa hiyo sisemi kuondoka ni dhambi. Ukipata chuo Arusha nenda, wazazi wameuza magunia kwa ajili hiyo. Ninayemhofia ni yule aliyebaki lakini moyo umeshapanda basi: kwaya hayupo, jumuiya kamwachia bibi, na Jumapili ambayo padre hafiki kigangoni, katekista anaongoza ibada akiwa na wazee watupu.

Kwa jumuiya wiki hii: someni Yohane 1:45-51, pale Nathanaeli anapoidharau Nazareti. Kisha kila mmoja ataje nyumba moja ya jirani ambayo hamjaingia tangu Pasaka, na mkubaliane nani ataenda kabla ya Jumapili.